Shajara ya Mradi wa Mechi 60

Januari

Nimefungua daftari hili kwa sababu mazoezi peke yake hayanielezi tena mpwa wangu wa kike amefika wapi. Ametimiza miaka 12 mwezi huu, na kwa miaka mitano nimekuwa nikimfundisha tenisi kwenye uwanja mmoja wa zamani wa saruji, wenye nyufa tatu ambazo sote wawili tunaweza kuzikwepa hata tukifumba macho, si mbali na kambi ya polisi ya Naguru, hapa Kampala, anakoishi na wazazi wake. Anapiga vizuri, na kila anayesimama kumtazama kwa dakika mbili huniambia hivyo. Lakini Jumapili iliyopita tulikaa barazani tukahesabu mechi alizocheza mwaka mzima uliopita, maana yake mechi halisi, zenye mpinzani aliyekuja kushinda na matokeo yaliyoandikwa mahali, tukapata 11. Nilihesabu mara ya pili nikidhani nimesahau baadhi. Zilikuwa 11.

Hapo ndipo nilipolielewa tatizo letu. Mtoto anaweza kurudisha mipira 300 kwa asubuhi moja, kisha asijue la kufanya gemu zikiwa 4–4, jua likimpiga usoni na mpinzani amesogea hatua mbili ndani ya uwanja kusubiri mpira wake dhaifu. Kuchagua pigo gani lipigwe na wakati gani hakufundishiki kwa kumrushia mtoto mipira kutoka kwenye ndoo, nami nimekuwa nikimrushia mipira kutoka kwenye ndoo kwa miaka mitano.

Mradi wenyewe ni huu: acheze mechi 60 kabla ya Januari ijayo, atakapotimiza miaka 13. Umri huo sikuuchagua mimi. Ndio umri ambao Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, linamruhusu mchezaji kuingia katika mashindano yake ya dunia ya vijana, ambayo mlango wake ni ngazi ya chini kabisa inayoitwa J30 tangu mwaka 2023, kwa kuwa bingwa wa mmoja mmoja katika ngazi hiyo hupata pointi 30. Juu yake kuna J60, J100, J200, J300 na J500. Simwandai ashinde J30 akiwa na miaka 13. Ninachotaka ni kwamba siku atakayoingia uwanjani katika shindano la namna hiyo, hali ya kucheza na mtu asiyemjua isiwe ngeni kwake.

Ili kuhesabiwa, mechi lazima iwe na angalau seti mbili, hata kama ni fupi, mpinzani asiwe mimi, na matokeo yaandikwe siku hiyo hiyo, awe ameshinda au ameshindwa. Sharti hili la mwisho limewekwa na shemeji yangu, baba yake, ambaye ni askari na hapendi taarifa iliyoandikwa kesho yake. Naandika kwa Kiswahili ili naye asome bila tabu, na kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba yao, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kambini ambako baba anatoka Arua, mama anatoka Mbale na jirani anatoka Kasese.

Februari

Mechi mbili tu, zote dhidi ya mvulana wa miaka 14 anayeishi Nakawa. Ameshindwa zote mbili. Mwezi huu umekwenda zaidi kwenye mipira.

Mpira wa tenisi huzeeka bila kuonekana. Unaweza kuwa na manyoya yake yote na rangi yake ya njano, huku hewa iliyobanwa ndani imekwisha kuvuja, na mtoto anayeuzoea mpira uliokufa hujifunza kupiga kwa wakati usio wake: anangoja mpira ushuke, anaukuta karibu na goti, anauinua kwa kifundo cha mkono. Siku ya mechi hupewa mpira mpya kutoka kwenye kopo, unaruka hadi begani, naye anachelewa kila pigo. Nilikuwa nimeliona jambo hili kwa mpwa wangu nikadhani ni woga.

Kanuni za ITF zinasema mpira ukiangushwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu, uruke kati ya sentimita 135 na 147. Basi Jumamosi ya pili ya mwezi tulichora mistari mitatu ya chaki kwenye ukuta wa stoo: mmoja juu kabisa, miwili chini. Nilipanda meza, nikawa naangusha mpira mmoja mmoja kutoka usawa wa mstari wa juu, na mpwa wangu alipiga magoti sakafuni, jicho lake likiwa usawa wa mstari wa sentimita 135, shavu karibu liguse ukuta.

"Huu haukufika, Mjomba."

"Umepungua kiasi gani?"

"Vidole vinne."

Tulikuwa na mipira 64. Iliyofika ilikuwa tisa. Tumeigawa katika ndoo tatu: ile tisa ni ya mechi na ya mazoezi ya kuanzisha, yaani kupiga mpira unaofungua kila pointi, iliyopungua kwa vidole viwili au vitatu ni ya kufanyia mazoezi ya miguu, ambako mruko hauna uzito mkubwa, na iliyobaki ni ya ukutani tu. Tangu siku hiyo haruhusiwi kabisa kupokea mpira wa ndoo ya tatu kutoka upande wa pili wa wavu. Ningelijua hili miaka miwili iliyopita, angekuwa na pigo la mkono wa nyuma (backhand) tofauti na alilo nalo leo, na hilo linaniuma.

Nieleze pia, kwa kuwa wazazi wawili wameniuliza mwezi huu, kwa nini nilimchelewesha kufika kwenye mpira wa njano. Alianza na mpira mwekundu, ambao ni mkubwa kidogo na hupungua kasi kwa takriban asilimia 75 ukilinganishwa na wa njano, kwenye uwanja mdogo tuliouchora kwa chaki. Baadaye akapewa wa rangi ya chungwa, unaopungua kwa nusu, kisha wa kijani, unaopungua kwa robo na kuchezwa kwenye uwanja mzima wa mita 23.77. Tangu mwaka 2012 kanuni za ITF haziruhusu mpira wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Sababu yake ni ya mwili: mtoto wa miaka minane ambaye mpira unamruka juu ya kichwa hulazimika kushika raketi kwa namna ya kujikinga, na mshiko huo hauondoki kwa urahisi. Nilimwacha na mpira wa kijani hadi alipofika miaka 11, nikaambiwa namdumaza. Sijabadili mawazo.

Machi

Mvua. Uwanja wetu hauna mifereji, na maji husimama kwenye kona ya kushoto karibu na mstari wa nyuma hadi saa sita mchana. Tumefagia maji kwa ufagio wa mpira mara saba. Mechi tatu, mojawapo ikaishia katikati, hivyo haikuhesabiwa. Jumla ni nne.

Aprili na Mei

Likizo ya shule imetuokoa. Mashindano ya vijana yaliyofanyika Lugogo yamempa mechi sita kwa siku nne, na kwa mara ya kwanza amecheza mbili kwa siku moja. Lugogo, pale kando ya Barabara ya Jinja, ndiko makao ya tenisi ya nchi hii. Ndiko nilikoingia katika mchezo huu kama mwokota mipira, nikiwa mtoto wa miaka tisa nisiyejua kwa nini watu wazima wanahesabu 15, 30, 40, na bado nikipita getini nasikia harufu ya mipira mipya kabla sijaiona. Kumwona mpwa wangu akisaini jina lake kwenye karatasi ya wachezaji mezani pale kulinigusa kuliko nilivyotarajia.

Mechi ya nne ya mashindano hayo nataka kuiandika kwa urefu.

Katika mashindano ya vijana, viwanja vingi havina mwamuzi kwenye kiti. Kila mchezaji ndiye anayeamua mipira inayodondoka upande wake, naye anatakiwa kutamka au kuonyesha kwa mkono papo hapo. Mpira uliogusa mstari, hata kwa unywele, umeingia. Na kama hakuuona sawasawa, mpira ni mzuri, yaani shaka yote ni ya mpinzani. Kanuni hiyo nimemfundisha tangu alipokuwa na mpira mwekundu, lakini kuifundisha ni rahisi kwa sababu katika mazoezi hakuna kinachopotea.

Walikuwa wameshinda seti moja moja, zile seti fupi za gemu nne, na wakawa katika taibreki ya pointi 10 inayochukua nafasi ya seti ya tatu. Ubao ulikuwa 8–8. Mpinzani wake, binti mrefu mwenye mkono wa kushoto, alipiga mpira wa mshazari uliodondoka karibu kabisa na mstari wa pembeni. Mpwa wangu aliinua kidole, akasema "Nje!" na akageuka kwenda kuanzisha akiwa anaongoza 9–8. Alipiga hatua tatu. Kisha akasimama, akaangalia pale mpira ulipodondoka, akamgeukia yule binti na kusema, kwa sauti niliyoisikia nyuma ya wavu wa uzio, kwamba hakuuona vizuri na kwamba pointi si yake. Yule binti alipata 9–8, akashinda 10–8.

Mama yake alikuwa amekaa kando yangu. Hakusema neno, ila nilimwona akikunja kanga magotini kisha kuikunjua. Njiani, ndani ya taksi ya kurudi Naguru, mpwa wangu aliniuliza kama mechi ile itaandikwa kwenye daftari. Nikamwambia kanuni ni ya baba yake. Imeandikwa: mechi ya 8, ameshindwa, 4–2, 2–4, 8–10. Upande wa kulia, mahali pa maelezo, niliandika "alirekebisha uamuzi wake mwenyewe", na shemeji yangu alipokagua daftari usiku ule alipigia mstari maneno hayo kwa wino wake mwekundu, bila kuongeza chochote.

Jumla mwishoni mwa Mei: 19.

Juni

Hapa kuna kosa langu, na naliandika lilivyo.

Mwanachama mmoja wa klabu ambako nasuka raketi kwa ujira alitupatia raketi ya watu wazima, ya inchi 27, karibu mpya. Mpwa wangu alikuwa bado anatumia ya inchi 26. Urefu wake ulikuwa umetosha kuhama, na nilifurahi mno hata sikukagua nyuzi. Zilikuwa za poliesta, zimevutwa pauni 55. Uzi wa poliesta ni mgumu. Wachezaji wakubwa wanaupenda kwa kuwa unaupa mpira mzunguko mkali na haukatiki haraka, lakini hauna unyumbufu wa kumeza mshtuko wa mpira, na mshtuko usiomezwa na nyuzi huenda kwenye kifundo na kiwiko. Mimi ndiye ninayewaeleza wateja wangu mambo haya kila juma.

Siku ya tisa alianza kuishika raketi kwa mikono miwili hata kwenye mkono wa mbele. Nilimkemea nikidhani ni uvivu. Siku ya kumi na moja aliangusha kikombe cha chai nyumbani, ndipo mama yake akagundua kwamba kifundo kimevimba. Mganga wa viungo alimpumzisha majuma matatu. Dada yangu alinipigia simu usiku ule, na maneno aliyoniambia nilistahili kuyasikia.

Nilizikata nyuzi zile kwa mkono wangu kesho yake asubuhi. Nimeisuka upya kwa uzi laini wa nyuzinyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, kwa pauni 46, na nimepunguza uzito kwa kung'oa vipande viwili vya madini ya risasi ambavyo mwenyewe wa kwanza alikuwa amevibandika kichwani mwa raketi. Kusuka raketi ya mtoto wako mwenyewe ni kazi tofauti na kusuka ya mteja. Unaanza na nyuzi za wima 16, unazibana mashineni moja baada ya nyingine, halafu unapitisha za mlalo ukizifuma juu na chini, juu na chini, ukizinyoosha kwa ncha za vidole kila mara ili zisipinde katikati. Na katika kila uzi nilioupitisha nilikuwa nafikiria kikombe kile cha chai.

Mechi mwezi huu: hakuna.

Julai

Amerudi taratibu, dakika 20 kwa siku, kisha 40. Mechi mbili mwishoni mwa mwezi, zote ameshinda. Amesema raketi mpya "inazungumza polepole". Jumla 21.

Agosti

Safari ya Nairobi. Tuliondoka Kampala saa mbili usiku kwa basi, mimi, mpwa wangu na mvulana yule wa Nakawa, tukiwa na barua za wazazi, kitambulisho changu, na chombo cha katogo ambacho dada yangu alitufungia kana kwamba Kenya hakuna chakula. Tulivuka Mto Nile pale Jinja watoto wakiwa wamelala. Mpakani Busia tulisimama foleni saa tisa usiku. Ni takriban kilomita 650 hadi Nairobi, na mchezaji anayezisafiri akiwa amekaa hufika na nyonga zilizokaza, jambo ambalo sasa nimejifunza kulipangia siku nzima ya kunyoosha viungo kabla ya mechi ya kwanza.

Hatukwenda kwenye mashindano rasmi. Kocha mmoja wa huko ninayefahamiana naye kwa miaka mingi alitupangia siku tano za mechi za kirafiki dhidi ya watoto wake, na hii ndiyo zawadi kubwa kuliko zote mradi huu ulizopata. Pale watoto wa umri wa mpwa wangu hucheza wao kwa wao kila Jumamosi bila kungoja likizo.

Siku ya kwanza alipigwa 6–1, 6–0, na karibu kila pointi aliyopoteza iliisha kwa mpira wake kutoka nje nyuma ya mstari, si kwa kasi ya mpinzani. Alikuwa akinitazama kama mtu anayeuliza amefanya nini. Ilinichukua hadi seti ya pili kuelewa. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi imepita mita 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi zaidi, haiuzuii mpira sana, nao mpira wenyewe, ukiwa na shinikizo lile lile ndani huku nje shinikizo limepungua, huruka juu zaidi. Ndiyo sababu ITF imeweka aina maalumu ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, na kwa hesabu hiyo Kampala imekaa mpakani kabisa wakati Nairobi iko ndani bila ubishi. Sisi tulikuwa tumebeba mipira yetu ya nyumbani, ile tisa ya ndoo ya kwanza, nami niliitoa mfukoni kwa fahari.

Usiku ule niliazima mashine ya kusukia nikaisuka upya raketi ya mpwa wangu, kutoka pauni 46 hadi 48. Nyuzi zilizokaza zaidi hurudisha mpira kwa nguvu iliyopungua kidogo, na mchezaji hupata uwezo zaidi wa kuuelekeza. Sikuthubutu kupita 48 kwa ajili ya kifundo. Tukaacha mipira yetu begini, tukatumia yao. Siku ya pili alishindwa 6–4, 6–4. Siku ya tatu alishinda mechi moja kati ya mbili. Kwa siku tano alicheza mechi tisa za mmoja mmoja na sita za wawili wawili, na hizo sita nimezihesabu pia baada ya kumpigia simu shemeji yangu kuomba ruhusa. Nilikuwa nimezipuuza mechi za wawili wawili muda wote huu, ingawa orodha ya ubora ya vijana ya ITF huongeza robo ya pointi za matokeo sita bora ya wawili wawili juu ya matokeo sita bora ya mmoja mmoja. Isitoshe, ndiko alikojifunza kusimama karibu na wavu bila kufumba macho.

Jambo moja la lugha. Watoto wale walianza kwa kumsemesha Kiingereza kwa kuwa wameambiwa anatoka Uganda, naye akawajibu kwa Kiswahili chake cha kambini, kilichonyooka na chenye "ndiyo" na "hapana" za kiaskari. Walicheka kidogo, kisha wakamzunguka. Kufikia siku ya tatu walikuwa wakibishana naye mistari kwa lugha moja, na yeye amerudi nyumbani na maneno ya mitaani ya Nairobi ambayo baba yake hayapendi.

Kocha yule alituonyesha pia picha ya Angella Okutoyi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati lake. Watoto wote wa tenisi wa ukanda huu wanaijua habari yake: alilelewa Nairobi na bibi yake, aliyekuwa akifanya kazi katika shule yenye uwanja wa tenisi, na mwaka 2022 akatwaa ubingwa wa wawili wawili wa wasichana huko Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makubwa ya aina hiyo. Wengi huisimulia kama habari ya kipaji na umaskini. Mimi nilimwuliza kocha swali moja tu: alicheza mechi ngapi nje ya nyumbani kabla ya hapo? Alinijibu kwamba alipofika kwenye mikono ya programu za ITF na ya Shirikisho la Tenisi la Afrika, alisafiri na kucheza, akasafiri na kucheza. Mpwa wangu alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama Okutoyi naye alikuwa akipanda basi.

Jumla mwishoni mwa Agosti: 36.

Septemba na Oktoba

Mvua tena, na mtihani. Mpwa wangu yuko darasa la saba, na mapema Novemba atafanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, masomo manne, ambao matokeo yake ndiyo yanayoamua atapokelewa sekondari gani. Nilipeleka pendekezo la mazoezi manne kwa juma. Dada yangu alilisoma, akalirudisha likiwa na mazoezi mawili. Nilijaribu kumweleza kwamba tumebakiwa na miezi mitatu na mechi 24.

"Kaka," alisema, "mechi zako zinaweza kungoja Desemba. Mtihani huu haungoji."

Nimelitafakari jambo hili kwa majuma kadhaa, na nadhani yuko sahihi kwa sababu ya ziada ambayo yeye mwenyewe hakuitaja. Wasichana niliowaona wakiacha tenisi hapa Kampala, na nimewaona wengi tangu nilipokuwa mwokota mipira, hawakuacha kwa kukosa kipaji. Waliacha walipoingia sekondari ya bweni isiyo na uwanja, wakarudi likizo raketi ikiwa imekatika nyuzi na viatu vimekuwa vidogo. Alama nzuri ndizo zitakazotuwezesha kuchagua shule ya kutwa iliyo karibu na Lugogo badala ya kupokea yoyote itakayomkubali. Kwa hiyo kitabu cha hisabati kimeingia kwenye mradi, na nimeanza kumchukua jioni mara mbili kwa juma si kwa mpira bali kwa sehemu na asilimia. Tunatumia takwimu za mechi zake mwenyewe. Mipira ya kwanza ya kuanzisha iliyoingia katika mechi za Nairobi ilikuwa 41 kati ya kila 100. Mwenyewe alipoikokotoa alikunja uso, akasema lazima ifike 55.

Mechi mbili kwa miezi miwili. Jumla 38.

Novemba

Mtihani umepita. Siku mbili baadaye alikuwa uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, kabla yangu, akiwa amekwisha kufagia maji ya kona ya kushoto. Nilimkuta anaanzisha peke yake kutoka ndoo ya kwanza kuelekea kwenye kopo alilolisimamisha ndani ya kisanduku cha uwanjani ambamo mpira wa kuanzisha hutakiwa kudondoka. Nilisimama nyuma ya mwembe bila kumwita. Kila mpira ulipokosa alirudi kwenye mstari, akaudundisha mara nne, akavuta pumzi, akarusha. Zamani alikuwa akiudundisha mara moja na kuupiga upesi ili aondokane nao. Mara nne zile hakufundishwa na mimi. Amezipata Nairobi, kwa binti mmojawapo aliyemfunga.

Mechi tatu. Jumla 41.

Desemba

Likizo ndefu. Tumecheza popote tulipokubaliwa: Lugogo, Entebbe, na siku moja Jinja. Klabu moja ilitukataa getini kwa kuwa sisi si wanachama, ingawa tulikuwa tumealikwa na mwanachama ambaye alichelewa kufika. Tulimsubiri nje kwa saa moja na nusu, tukala chapati za mayai kando ya barabara, na mechi ikachezwa hatimaye. Imeandikwa kama zingine.

Leo ni tarehe 30 na idadi imesimama kwenye 53. Hatukufika 60. Nimekaa na shemeji yangu na daftari mezani, na aliniuliza kama nitazihesabu zile mbili za Julai ambazo mpinzani alikuwa mdogo mno, au ile ya Machi iliyokatizwa na mvua. Zile za Julai zilitimiza masharti na tayari zimo. Ile ya Machi haikutimiza na inabaki nje. Basi ni 53: ameshinda 24, ameshindwa 29. Katika mechi 20 za mwisho ameshinda 13. Mipira ya kwanza inayoingia imefika 52 kati ya 100, na kukosea kuanzisha mara mbili mfululizo, jambo linalompa mpinzani pointi na ambalo Februari lilikuwa likimpotezea gemu nzima, sasa hutokea mara mbili au tatu kwa seti. Mkono wa nyuma bado unachelewa kwenye mpira unaopanda juu ya bega. Hilo ndilo la Januari.

Kocha wa Nairobi amepiga simu. Kuna nafasi ya majuma mawili ya mazoezi na mechi kuanzia tarehe 4, na baadaye, akishatimiza miaka 13 na kupata namba yake ya usajili wa ITF, tutaomba kuingia kwenye mchujo wa J30 iliyo karibu nasi. Mama yake amekubali majuma mawili, si matatu, na ametaka vitabu viende naye. Mwenyewe amekwisha kupanga begi, kopo mbili za mipira ya nyanda za juu chini kabisa, daftari jipya juu yake. Nimesuka raketi zote mbili usiku huu, pauni 48.